Maswali yenu: Mashimo ya Aljubarrota na kiti cha enzi cha Ureno

Toleo lililopita tuliweka kipande kifupi tu kuhusu vita ya Aljubarrota, ile ya Agosti 14 mwaka 1385 kule Ureno, ambayo jioni moja iliamua nani awe mfalme wa nchi ile. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivotegemea na wengine mmeandika kwa hasira kabisa kwamba tumewaacha njiani, na mna haki, stori ile haielezeki kwa mistari kumi. Leo nachukua yale yaliyojirudia sana.

Shikamoo mwalimu. Mi niko kidato cha tano nasoma historia. Sijaelewa ugomvi wenyewe ulianzaje, si mfalme akifa mtoto wake anarithi basi? Halafu mmeandika mfalme Juan, mara mfalme João, mpaka nikapotea nani ni nani.

Marahaba mwanangu. Tuanze na majina manake hapo kila mtu anapotea. Juan na João ni jina moja, Yohana, tofauti ni lugha tu, na kila mmoja ndo alikuwa mfalme wa kwanza wa jina hilo kwao. Kwahiyo shika hivi: Juan ni wa Castilla, ule ufalme mkubwa wa jirani ambao baadaye ndo ulikuwa kiini cha Hispania, na João ni wa Ureno.

Sasa ugomvi. Mfalme Fernando wa Ureno alifariki Oktoba 1383 hakuacha mtoto wa kiume, alikuwa na binti mmoja tu, Beatriz, mtoto wa miaka kumi, na huyo binti miezi michache nyuma, mwezi Mei mwaka huohuo, alikuwa ameshaozwa kwa Juan wa Castilla. Mkataba wa ndoa ile ulikubaliwa Salvaterra de Magos na ulisema falme mbili zisiunganishwe, Beatriz akijaliwa mtoto basi huyo mtoto ndo atatawala Ureno, na mpaka afikishe miaka 14 nchi itashikwa na bibi yake, yaani malkia Leonor Teles, mjane wa Fernando. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Lakini Juan hakuwa mtu wa kungoja mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia, akaanza kujiita mfalme wa Ureno kwa haki ya mke wake na akavuka mpaka na jeshi.

Na kule Lisbon nako Leonor alikuwa hapendwi. Alikuwa na mtu wake wa karibu, João Fernandes Andeiro, kabaila aliyetokea Galicia, na mji mzima ulikuwa unasema huyo ni hawara wa malkia. Desemba 6 mwaka 1383 João, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Aviz, shirika la watawa wapiganaji, akaingia ikulu akamuua Andeiro. Mpango ulisukwa na mzee mmoja mjanja, Álvaro Pais, aliyewahi kuwa mtunza muhuri wa mfalme, na sehemu iliyonikaa kichwani mimi ni ile ya kijana aliyetumwa kupiga mbio na farasi mitaani akipiga kelele kwamba wanamuua João, wanamuua João ikulu! Watu wakatoka na chochote walichoshika. Walipofika wakamkuta yuko hai dirishani. Siku hiyohiyo askofu wa Lisbon, ambaye alikuwa Mcastilla, akatupwa kutoka mnara wa kanisa kuu lake mwenyewe, walimshuku kwa sababu kengele za kanisa lake hazikulia pamoja na za makanisa mengine. Ni kifo cha kutisha na sitaki kukipamba. Lakini ndo kinakuonyesha kwamba hii haikuwa tena ishu ya ikulu peke yake, mafundi na wachuuzi wa Lisbon walikuwa wameshaingia ndani, na ndo hao waliomfanya João mlinzi na mtetezi wa ufalme. Mafundi wakapata hadi baraza lao, watu 24, wawili wawili kutoka kila fani, wakawa na sauti kwenye mambo ya mji.

Huyo João mmesema alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Mtoto wa nje anapataje kiti cha enzi mbele ya binti wa ndoa? Mimi naona kama waliiba tu. Naomba unijibu kwa ukweli.

Dada yangu, swali lako ndo hasa lililoulizwa bungeni, mji wa Coimbra, mwezi Machi na Aprili 1385, na halikuulizwa na watu wadogo. Ni kweli João alikuwa mtoto wa mfalme Pedro, baba yake Fernando, kwa mwanamke ambaye Pedro hakumuoa, anaitwa Teresa Lourenço. Kwahiyo yeye na Fernando ni ndugu wa baba mmoja. Na mbele yake kulikuwa na ndugu wengine wawili, João mwingine (ndiyo, Yohana mwingine tena!) na Dinis, watoto wa Pedro na Inês de Castro, yule mwanamke aliyeuawa kwa amri ya baba yake Pedro mwaka 1355 na ambaye Pedro alipokuja kuwa mfalme alitangaza kwamba walifunga ndoa kwa siri.

Basi bunge likakaa, mapadri, makabaila na wawakilishi wa miji. Mwanasheria João das Regras akasimama na akawavua wadai wote mmoja baada ya mwingine. Beatriz, akasema, ndoa ya mama yake na Fernando haikuwa ndoa manake Leonor alikuwa na mume hai alipoolewa na mfalme. Juan mwenyewe alivunja mkataba wa Salvaterra kwa kuingia na jeshi, halafu anamfuata papa wa Avignon wakati Ureno inamfuata papa wa Roma, enzi zile kulikuwa na mapapa wawili na kila mmoja anasema mwenzake ni batili. Watoto wa Inês? Ndoa ya siri haina ushahidi unaosimama, na isitoshe walishaingia Ureno na silaha wakiwa upande wa Castilla. Alipomaliza kukawa hakuna mrithi hata mmoja, na hapo ndo akaweka hoja yake kubwa: kiti kiko wazi, na kiti kikiwa wazi wananchi wana haki ya kuchagua. Wakamchagua João, Aprili 6 mwaka 1385.

Waliiba? Mimi kwa maoni yangu hapana, ingawa najua hoja ya ndoa ya Leonor ilikuwa imetafutwa kwa tochi. Nikupe kitu cha kuweka mizanini. Baba yake Juan, Enrique, naye alikuwa mtoto wa nje ya ndoa na kiti cha Castilla alikipata mwaka 1369 pale Montiel baada ya kumuua kaka yake wa baba mmoja, mfalme Pedro wa Castilla, kwa mikono yake. Kwahiyo Juan asingeweza kusema kwa mdomo mpana kwamba mtoto wa nje hana haki, angejikata mwenyewe. Zama zile damu ilikuwa inatoa madai, karatasi inayapanga, lakini kama jirani hakubali karatasi yako mnaenda kukutana shambani. João alitoka Coimbra akiwa mfalme wa karatasi na miezi minne tu baadaye ilibidi akaithibitishe.

Kaka, mi ni mpenzi wa mambo ya kijeshi. Nimeona watu elfu 6 na kitu waliwapiga watu elfu 30. Padri wetu anasema ni muujiza. Je ni muujiza au kuna maelezo?

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, hii ndo sehemu ninayoipenda.

Kwanza hesabu. Upande wa Ureno idadi inayokubalika sana ni kama 6,500, pamoja na wapiga upinde mia kadhaa wa Kiingereza waliokodiwa. Upande wa Castilla zile 30,000 zinatoka kwenye kumbukumbu za zamani na wanahistoria wengi wanazipunguza, lakini hata ukipunguza bado walikuwa wengi mara kadhaa, na walikuwa na makabaila wapanda farasi kutoka Ufaransa na mizinga juu. Kwahiyo uchache wa Wareno ni wa kweli.

Pili, mtu wa kumjua hapa ni Nuno Álvares Pereira. Alikuwa na miaka 25. João mwenyewe 28. Vijana kabisa! Nuno ndo alikuwa amiri jeshi mkuu, na mwaka mmoja nyuma, Aprili 1384 pale Atoleiros, alishajaribu kitu ambacho makabaila wengi wa Ureno hawakukizoea: aliwashusha watu wake wote kwenye farasi, wakasimama kwa miguu wamebanana, mikuki mbele, wakawaacha wapanda farasi wa Castilla waje wajichome wenyewe. Ikafanya kazi. Waingereza walishawafanyia Wafaransa mchezo wa aina hiyo Crécy mwaka 1346 na Poitiers 1356, kwahiyo mbinu haikuwa mpya duniani, Nuno aliichukua akaiweka kwenye udongo wa kwao.

Julai 1385 Juan akaingia tena Ureno na jeshi zito, akapita Coimbra, akashuka Leiria, anaelekea Lisbon. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuzingira mji huo kwa miezi, ndani watu wanakufa njaa, Fernão Lopes mwandishi wa kumbukumbu anaeleza watu walivokuwa wanachambua udongo pale palipokuwa panauzwa ngano wakitafuta punje, na kilichomtoa Juan ilikuwa tauni iliyoingia kambini kwake. Sasa anarudi. Kwenye baraza la vita pale Abrantes washauri wengi wa João wakasema tusikutane naye, tumzunguke tukashambulie kwake, tumvute arudi. Nuno akakataa, akasema ukimwachia Lisbon umemwachia nchi, akachukua watu wake akaondoka kuelekea Tomar peke yake bila ruhusa. Fikiria mfalme wa miezi minne amiri wake anamuondokea! João akakaa akafikiri, akamfuata. Kwangu mimi ule ndo uamuzi uliowapa Wareno vita, kabla hata mshale haujarushwa.

Tatu, ardhi. Nuno alichagua mgongo wa kilima karibu na São Jorge, barabara ya Lisbon inapita juu yake, na huku na huku kuna mabonde ya vijito yenye miteremko mikali. Asubuhi ya tarehe 14 Wareno walikuwa wamejipanga wanaangalia kaskazini, upande adui anakotokea. Wacastilla walipofika wakaona kupanda pale mbele ni kujiua, wakazunguka kwa upande wa baharini ili waje watokee kusini ambako mteremko ni laini. Ni jeshi kubwa na msafara wa mizigo, jua la Agosti, vumbi, wamevaa deraya, wengi hawajala tangu asubuhi. Huku Wareno wanawaona! Wakageuza jeshi lote, wakasogea kama kilomita mbili kusini, nyuma ikawa mbele, na wakati wenzao wanazunguka wao wakawa wanachimba.

Hapa ndo jibu la swali lako lilipo. Miaka ya 1958 mpaka 1960 mwanaakiolojia Afonso do Paço alifukua eneo lile akakuta mashimo zaidi ya 800 yamepangwa kwa mistari, na handaki la mita karibu 180 linalokata uwanja. Mashimo ya kiasi cha kumezea mguu wa mtu au wa farasi. Pembeni waliweka miti na matawi yaliyokatwa ili adui anayekuja abanwe katikati. Pale mbele palipokuwa pana, pakawa pembamba. Kwahiyo Juan anaweza akawa na watu elfu 10 au elfu 30, haijalishi tena, wanaoweza kufika mbele ya Wareno kwa wakati mmoja ni wale tu wanaotosha kwenye ule mlango.

Wazee wa vita upande wa Castilla waliliona hilo. Kuna kabaila mkongwe wa Kifaransa alimshauri Juan wasipigane siku ile, watu wamechoka, Wareno hawana chakula cha kutosha, wakae tu watatoka wenyewe. Ushauri mzuri kabisa. Lakini Juan alikuwa mgonjwa, amebebwa kwenye machela, vijana wana haraka, na wale wa mbele wakaanza kusogea, jua linakaribia kuzama, kama saa 12 jioni hivi.

Wakaingia kwenye bomba. Mishale ya Waingereza na ya Wareno inatoka pande zote mbili, mashimo chini, wa nyuma wanawasukuma wa mbele, mstari uliokuwa mpana unazidi kubanwa mpaka watu wanashindwa hata kunyanyua mikono. Wengi walishuka farasi wakakata mikuki yao mirefu ili iweze kutumika pale karibu. Lakini usidhani ilikuwa rahisi, ule wingi ulifika ukaivunja safu ya mbele ya Nuno, kweli ukaivunja, ukaingia katikati. Ndo hapo mikono miwili ya jeshi la Ureno ikajikunja ndani, mmoja wao ulikuwa ule wa vijana walioitwa Mrengo wa Wapendanao, na João ambaye alikuwa amekaa nyuma na akiba akaingia kwa miguu na watu wake. Wacastilla walioingia wakawa wamezungukwa, na wapanda farasi wao wa pembeni hawawezi kuwafikia kwa sababu ya vijito. Bendera ya Castilla ikaanguka. Walioko nyuma wakaona bendera haipo, wakageuka, na kukimbia kukaanza. Yote haikuzidi sana saa moja.

Juan akapandishwa mnyama akakimbia usiku kucha mpaka Santarém, akashuka mto Tejo kwa mashua hadi kwenye meli zake, akaenda Sevilla. Wengi waliobaki waliuawa njiani na wanakijiji, usiku ule na siku zilizofuata. Na kuna jambo la kuumiza kulitaja, Pedro Álvares Pereira, kaka yake Nuno, alikuwa upande wa Castilla na alikufa vitani humo. Ndugu wa baba mmoja wapo pande mbili za shimo moja.

Kwahiyo padri wako anasema muujiza na mimi namheshimu, João mwenyewe alikwenda kwa miguu hadi Guimarães kumshukuru Bikira Maria. Lakini mimi nikiyatazama yale mashimo 800 naona mikono. Mtu alishika jembe akachimba, akahamia la pili, huku anaona vumbi la jeshi linamzunguka. Kusema ni muujiza tu naona kama tunawanyang'anya jasho lao.

Mimi ni mama wa nyumbani, bibi yetu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa familia ya Kireno alikuwa anatusimulia mwanamke mwoka mikate aliyeua askari saba kwa koleo la tanuri. Ni kweli?

Mama, bibi alisimulia vizuri. Anaitwa Brites de Almeida, mwoka mikate wa Aljubarrota, na stori inasema alirudi nyumbani kwake usiku ule wa vita akakuta Wacastilla saba wamejificha kwenye tanuri lake, akawaua na lile koleo la mbao la kutolea mikate. Inasemekana alikuwa na vidole sita kila mkono. Ni hadithi ya wananchi, kumbukumbu za karibu na vita yenyewe hazimtaji. Lakini kama nilivosema, wakimbizi wa jeshi la Castilla waliuawa na watu wa vijijini, hilo ni la kweli, na naona kama hadithi imewakusanya watu wote wale wasio na majina ikawapa sura moja, ya mwanamke mwenye koleo. Ureno kila mtoto anamjua.

Swali langu ni fupi. Yule binti Beatriz aliyeolewa na miaka kumi, aliishia wapi? Hamkumsema tena.

Asante kwa kumkumbuka, wengi humsahau. Alirudi Castilla na hakuwahi kutawala Ureno. Juan alifariki Oktoba 1390 kwa kuanguka na farasi pale Alcalá de Henares, Beatriz akabaki mjane ana miaka 17, hawakuacha mtoto, yule mtoto ambaye mkataba mzima ulimngoja hakuja kukaa kwenye kiti chochote. Aliishi Castilla maisha yake yote yaliyobaki na hakuolewa tena. Mama yake Leonor, mkwewe Juan ndo alimuondoa akamfungia kwenye nyumba ya watawa Tordesillas tangu mapema 1384, walipogombana. Ukiisoma vita kwa upande wa hawa wawili ni habari nyingine kabisa. Binti hakuchagua ndoa, hakuchagua mkataba, halafu Coimbra mwanasheria anasimama mbele ya bunge kusema mama yake hakuwa mke halali. Mimi nafurahi João alishinda lakini kwa Beatriz moyo unanisimama kila mara.

Samahani, hao Wareno wa Aljubarrota ni ukoo mmoja na wale waliokuja na Vasco da Gama? Au ni watu wengine?

Ni ukoo uleule, na wala si mbali. João alitawala mpaka 1433, miaka 48. Mei 1386 akafunga na Uingereza mkataba wa Windsor, ambao unatajwa hadi leo kama urafiki wa mataifa wa siku nyingi kuliko mwingine, na Februari 1387 pale Porto akamuoa Filipa wa Lancaster, binti wa mwana wa mfalme wa Uingereza. (João alikuwa na nadhiri ya utawa kwa sababu ya Aviz, ilibidi papa wa Roma amfungulie.) Watoto wao ndo waliokwenda kuteka Ceuta mwaka 1415 na mmoja wao ni Henrique, yule wa kutuma merikebu kushuka pwani ya Afrika magharibi. Mfalme Manuel aliyemtuma Vasco da Gama, akatokea Mombasa na Malindi mwaka 1498, ni kitukuu wa João. Castilla ilikuja kukubali rasmi amani mwaka 1411 tu. Ukoo wa Aviz ukaisha 1580 bila mrithi na Felipe wa Hispania akaichukua Ureno, yaani kile kilichozuiliwa Aljubarrota kikatokea miaka 195 baadaye, mpaka 1640 walipomrudisha mfalme wa kwao, wa nyumba ya Bragança. Na nyumba ya Bragança ilianzishwa na mtoto wa João wa nje ya ndoa, Afonso, aliyemuoa binti wa Nuno. Sikuijua hiyo mpaka nilipokuwa najiandaa kuwajibu, nikakaa chini.

Nina mpango wa kusoma Ureno. Je kuna kitu cha kuona pale au ni shamba tu?

Kipo, nenda. Kilomita chache kutoka uwanja wa vita kuna monasteri ya Batalha, jina lenyewe maana yake vita, João aliweka nadhiri na ujenzi ukaanza 1386 ukaendelea zaidi ya karne moja, wafalme wakabadilishana na mafundi wakabadilishana. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983. Ndani kuna chumba cha kaburi la João na Filipa, wamechongwa kwenye jiwe wamelala pamoja wameshikana mikono. Guimarães kuna makumbusho yenye vazi la João la kuvaa chini ya silaha siku ile, nguo ya kitambaa iliyojazwa na kushonwa, ukiiona utaelewa kwamba mfalme naye alikuwa mwili tu.

Nuno hayuko pale. Alijikusanyia mali nyingi kuliko kabaila yeyote wa Ureno halafu akazigawa, mwaka 1423 akaingia utawa wa Wakarmeli Lisbon kama bruda wa kawaida, akafa 1431, na Papa Benedikto wa 16 akamtangaza mtakatifu Aprili 2009. Lakini kabla ya hayo yote, mwaka 1393 alijenga kikanisa kidogo cha Mtakatifu George palepale vita ilipopiganwa, ndo hicho eneo linachukua jina lake, na karibu yake ndo ilifukuliwa mifupa ya mamia ya watu waliokufa jioni ile, mingine ina alama za panga. Ni kikanisa cha kawaida, unaweza ukakipita. Usikipite. Wareno waliopigana siku ile walikuwa na kiu kali sana, ni Agosti na maji yako bondeni, na kwa kumbukumbu ya kiu hiyo pana desturi ya kuacha mtungi wa maji kwenye ukuta wa kikanisa kwa ajili ya mpita njia yeyote. Ukifika kunywa.